Meya Hakuwa Wetu, Gavana ni Wetu



Nimewasikia mkijadiliana juu ya wagombea: huyu ni wa ukoo fulani, yule alitoa harambee nono. Mjadala ni haki yenu, ijapokuwa huo wa ukoo umetuchosha. Lakini mvua ikinyesha mlimani na matatu ikakwama topeni, mwenye viazi hulipa nauli mbili za pikipiki, yake na ya gunia. Mama mjamzito naye hungoja kando ya njia.

Zamani tulikuwa na udhuru. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na mwaka 1992 tukapiga kura katika mfumo wa vyama vingi. Hata hivyo meya hakuchaguliwa na wananchi. Madiwani walimteua miongoni mwao. Msafiri aliyelalamikia mashimo pale Kitale au Bungoma hakuwa na kura ya kumng'oa meya.

Katiba ya 2010 imetuondolea udhuru huo. Jedwali lake la Nne limezikabidhi kaunti barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa umma barabarani, na tangu 2013 gavana twamchagua wenyewe. Basi mgombea ugavana akija hapa sokoni, mwulizeni: barabara ipi, kilomita ngapi, katika bajeti ya mwaka gani? Akijibu kwamba barabara hiyo ni ya serikali ya kitaifa, na aitaje kwa nambari yake, ili mbunge naye akija tujue la kumwuliza.