Utunzaji wa Bolti za Shokomzoba
Hotuba kwa wenye magari na madereva wa Kakamega



Barabara kuu itokayo Kisumu na kupita Kakamega kwenda Webuye na Kitale imetiwa lami. Lakini watu wengi wa Kakamega hawakai kando ya barabara hiyo. Wakaa sehemu za Shinyalu, Khwisero, Malava, Navakholo na Lugari, ambako njia nyingi za kufikia nyumba zao ni za udongo au changarawe. Huko ndiko magari ya nguvu, kama vile Land Rover na Land Cruiser, yafanyako kazi yake: kuchukua mbolea, mbegu na watu, na mara nyingine mama mwenye uchungu wa kuzaa ambaye hana budi kufika hospitali kabla ya mapambazuko. Gari la namna hii likiharibika njiani usiku, hasara yake si fedha tu.

Katika gari hilo kuna kitu kidogo kidharauliwacho na wengi, nacho ni bolti ishikayo shokomzoba. Yafaa kila dereva ajue kwa nini bolti hiyo hukatika, na jinsi ya kuizuia isikatike.

Kazi ya shokomzoba

Springi huchukua uzito wa gari. Gurudumu likiingia shimoni, springi hujikunja kisha hujikunjua, na kama hakuna kitu cha kuituliza, gari huendelea kurukaruka. Shokomzoba ndiyo ituliazayo. Ni bomba lenye mafuta ndani. Mafuta hayo husukumwa kupita katika vitundu vidogo, na nguvu ya mruko hugeuka kuwa joto. Ncha yake moja imefungwa kwenye chesisi na ya pili kwenye ekseli. Kwa hiyo kila mara gurudumu lipandapo na kushuka, bolti za pande zote mbili husukumwa na kuvutwa.

Katika barabara ya changarawe yenye matuta madogo kama mawimbi, kazi hiyo haina mapumziko. Mwaka 2007 wataalamu wa fizikia, miongoni mwao Stephen Morris wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walieleza ya kuwa matuta hayo hutokea yenyewe gurudumu lipitapo mara nyingi juu ya mchanga mkavu kwa mwendo uzidio kiasi fulani. Tuseme matuta yameachana kwa nusu mita, na gari laenda kilometa 36 kwa saa. Gurudumu litapanda na kushuka mara 20 kwa kila sekunde, yaani mara 72,000 kwa saa moja.

Jinsi chuma kichokavyo

Watu wengi hudhani kwamba bolti hukatwa na shimo moja kubwa. Mara nyingi sivyo. Mtu akitaka kukata waya bila koleo, huukunja huku na huko mpaka ukatike. Hakuna mkunjo hata mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata, lakini yote pamoja imeuchosha.

Jambo hili lilijulikana kwa msiba. Mwezi wa Mei 1842, karibu na Versailles, Ufaransa, ekseli ya injini ya gari la moshi ilikatika, na makumi ya watu walikufa kwa moto. Baadaye August Wöhler, mhandisi wa reli wa Kijerumani, alizijaribu ekseli kwa miaka mingi, akaonyesha ya kuwa chuma chaweza kukatika kwa mzigo ulio mdogo kuliko uwezo wake, ikiwa mzigo huo warudiwa mara nyingi sana.

Fundi aweza kuyaona hayo katika bolti iliyokatika. Mara nyingi sehemu moja ya mkato ni laini: huo ni ufa wa zamani uliokuwa ukiendelea polepole. Sehemu nyingine ina chembechembe kali: hiyo ndiyo iliyokatika siku ya mwisho. Maana yake ni kwamba bolti ilikuwa mgonjwa siku nyingi, wala hapakuwa na aliyeitazama.

Sababu zake na dawa zake

Sababu ya kwanza ni kulegea. Bolti iliyokazwa sawasawa hubana vyuma pamoja hata vikawa kama kimoja. Ikilegea, vyuma huteleza, na kila pigo huiangukia bolti yenyewe, ikakunjwa huku na huko. Basi nati na ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Nati yenye kujifunga yenyewe isirudiwe, itiwe mpya. Kisha upigwe mstari mmoja wa rangi juu ya nati na chuma kilicho kando yake. Siku mstari huo utakapoonekana umeachana, dereva atajua ya kuwa nati imezunguka.

Sababu ya pili ni bushi za mpira zilizokwisha. Mpira ukiliwa, chuma hugonga chuma, na sauti ya kugonga chini ya gari ndiyo onyo lake. Bushi mpya nyingi zimeshikamana na bomba dogo la chuma lililo ndani yake. Hizo zisikazwe wakati magurudumu yananing'inia juu ya jeki. Gari lishushwe kwanza lisimame kwa uzito wake, ndipo bolti ikazwe, la sivyo mpira utakaa umesokotwa siku zote na kuharibika upesi.

Sababu ya tatu ni bolti isiyofaa. Bolti nyingi za nguvu zina namba kichwani, kama 8.8 au 10.9, na namba kubwa ni ya chuma chenye nguvu zaidi. Bolti isiyo na alama, iliyonunuliwa kwa kuwa tu yaingia tunduni, ni hatari. Ile mpya iwe na namba, unene na urefu sawa na ile iliyotiwa na watengenezaji, na sehemu yake laini, isiyo na hesi, ikae pale panapochukua mzigo. Lakini bolti ngumu kupita zote haitasaidia kitu ikiwa imelegea.

Sababu ya nne ni shokomzoba kufikia mwisho wake. Hutokea gari likizidishiwa mzigo, au mpira wa kuzuia ekseli ukiwa umeanguka, au springi zikiinuliwa na shokomzoba ikabaki fupi. Hapo bolti hupokea pigo lote. Dawa yake ni kupunguza mzigo na mwendo, na kutia shokomzoba ya urefu unaofaa.

Ikikatika njiani

Dereva asiendelee kana kwamba hakuna neno. Shokomzoba inayoning'inia yaweza kukata bomba la breki au kutoboa tairi. Aifungue kabisa, au aifunge kwa nguvu mbali na vitu hivyo, achunguze breki, kisha aende polepole mpaka kwa fundi, kwa kuwa gurudumu lisilotulizwa halishiki njia vizuri. Bolti iliyokatika isichomelewe na kurudishwa.

Wakati wa mvua za masika, matope hujifunga chini ya gari na kuficha kila kitu. Kwa hiyo gari lioshwe chini mara moja kwa juma, na bolti zote za shokomzoba zitazamwe na kushikwa kwa mkono. Kazi hiyo haizidi dakika 10. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Na bolti ya shokomzoba ni mwiba wa namna hiyo. Mwenye kuitazama Jumamosi mchana hatalazimika kuitafuta gizani, hali mgonjwa angojea ndani ya gari.