Maji ya Ngarambe hayakuuliza kabila

Msikilizaji, hapa Mohoro ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, tarehe 4 Agosti 1905. Kosa lake lilikuwa maji, dawa aliyosema inazuia risasi, iliyowasha vita vya Maji Maji. Watu walimfuata kijijini Ngarambe, Mmatumbi kwa Mngindo, wote wakapewa maji yaleyale, na hakuna aliyeulizwa babu yake kazikwa wapi.

Leo barazani kwetu neno ni moja: "watu wa kuja". Anatajwa Msukuma, anatajwa Mmang'ati, wenye ng'ombe. Wengine hulitamka huku wameshika chupa ya maziwa waliyotoka kuyanunua kwa mama wa Kimang'ati.

Simsahau mkulima. Amekesha juu ya dungu akifukuza nguruwe na viboko, mlau wake, zao linalopandwa mafuriko yakishapungua, umeanza kuzaa, halafu alfajiri moja ng'ombe wanapita, yanabaki mabua. Huyo alipwe, tena alipwe haraka, asizungushwe njoo kesho mpaka msimu uishe.

Lakini hawa wafugaji wamefikaje? Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa Usangu, kule Mbarali, ili kuunusuru mto Ruaha Mkuu. Wakaelekezwa Lindi na huku kwetu Pwani. Na Ruaha Mkuu, msikilizaji, humwaga maji yake Rufiji. Watu walihamishwa kwa ajili ya maji haya haya, wakayafuata mpaka kwetu, wakakuta malambo na malisho waliyoahidiwa hayajatosha. Mwenye deni hapo ni aliyewahamisha. Sisi tukamkamata mchungaji. Mei 2012 damu ikamwagika Ikwiriri, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji.

Hasira ya haki nayo hupotea njia. Hata mwaka ule wa 1905, watu waliochoshwa na pamba ya shuruti walivamia nyumba za wenye maduka wa Kihindi kule Samanga, na Mjerumani mwenye pamba yake yuko bomani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeupa mkutano wa kijiji nguvu ya kuidhinisha mipango ya ardhi yetu. Naomba uitishwe. Mfugaji aitwe naye, aje na fimbo yake, akae jamvi moja na mwenye dungu, waonyeshane ng'ombe wapite wapi kwenda mtoni, kabla mlau ujao haujapandwa.