Kimrima, Tabora na Buguruni: Lugha ya Alama na Jina la Jaladani



Nimekuja kujibu hoja. Mwenzangu mmoja, mwanaisimu ninayemheshimu, alisema katika semina kwamba Lugha ya Alama ya Tanzania, LAT, haistahili bado hadhi kamili kwa sababu haijawa moja. Aliyesoma Tabora ana alama zake, wa Buguruni zake, wa Mwanga zake. Zisanifishwe kwanza, alisema, kisha tuzungumze habari za sheria na mitaala. Hoja hii ina sura ya busara, ndiyo maana inadumu. Leo nataka niing'oe na mzizi wake.

Historia ya shule za viziwi mnaijua. Tabora ilianza 1963 chini ya Kanisa Katoliki, Buguruni 1974, Mwanga 1981. Mkazo wa awali ulikuwa mtoto asome midomo na atoe sauti, kwa msimamo ule ule uliopitishwa na mkutano wa walimu wa viziwi Milano mwaka 1880. Lugha ikakua mabwenini na viwanjani, mtoto akimfundisha mtoto. Alama zingeachaje kutofautiana? Kutoka Tabora hadi Mwanga ni safari ndefu, na chama cha viziwi wenyewe, CHAVITA, kilikuja kuwaleta pamoja baadaye, katika miaka ya 1980.

Sasa nawauliza ninyi mnaosikia. Hapa tulipokaa, pwani ya Dunda na Kaole, babu zetu walisema Kimrima. Unguja walisema Kiunguja, Mombasa Kimvita, Lamu Kiamu. Mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja mwaka 1928 iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi 1930. Je, Utendi wa Tambuka, ambao una tarehe ya 1728, ulitungwa kwa kitu gani kama si kwa lugha? Mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, aliitikisa Mombasa kwa nini? Kwa kipimo cha mwenzangu, Kiswahili kilizaliwa katika kikao cha maofisa wa kikoloni. Hakuna Mswahili atakayelikubali hilo, na mwenzangu ndiye angekuwa wa kwanza kulikataa. Basi asimwekee kiziwi kizingiti ambacho yeye mwenyewe hakukivuka.

Wala si kweli kwamba sheria hungoja usanifishaji. Uganda ilitaja lugha ya alama katika Katiba yake ya 1995. Kenya, kwa Katiba ya 2010, iliifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, huku alama za Kisumu na za Mombasa zikiwa bado hazijalingana zote. Nimewaona watu wa Tabora na wa Buguruni wakikutana kwa mara ya kwanza. Hubishana kuhusu alama hii na ile, huchekana, kisha mazungumzo huendelea. Wakipishana, aghalabu ni msamiati tu.

Ipo hoja ndugu ya hiyo, kwamba LAT ni Kiswahili cha mikono. Chukueni kitenzi "nilikupa". Kiswahili hupanga mtenda, wakati na mtendwa mbele ya mzizi, kimoja baada ya kingine. Katika lugha ya alama, mkono ukitoka kwangu kuja kwako umeshasema nani kampa nani. Ukigeuza njia yake umegeuza watu. Uso nao unafanya kazi ya sarufi, kwani nyusi zikipanda sentensi inakuwa swali. Hakuna Kiswahili hapo.

Shangazi yangu wa Mlingotini alikuwa kiziwi tangu utotoni. Hakusoma shule, akauza samaki maisha yake yote, na kila jirani alikuwa na jina la mkono alilopewa naye. Siku moja alikuja mtafiti na daftari lake. Maswali yote aliyaelekeza kwa baba yangu, shangazi akiwa amekaa pale pale jamvini. Alama zake za nyumbani hazikuwa LAT, na mwanaisimu lazima atenganishe vitu hivyo viwili. Lakini aliyezitunga alikuwepo, na hakuulizwa.

Hapo ndipo ninapomrudia mwandishi nimpendaye kuliko wote wa pwani hii, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa Dunda mwaka 1869. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 ukachapishwa Göttingen mkusanyo wa Desturi za Wasuaheli: uzazi, jando, ngoma, madeni, safari za bara, utumwa. Kila ninapousoma nashangazwa na utulivu wa mtu anayeeleza mambo ya kwao bila kuomba radhi kwa mgeni. Anajua kipi kifafanuliwe na kipi kiachwe. Sehemu kubwa ya kazi ile ni yake. Lakini jalada lilibeba jina la mkusanyaji, Carl Velten. Ilipita miaka 78 hadi tafsiri ya J. W. T. Allen, ya 1981, ilipolitanguliza jina la Mtoro.

Mfano wa kinyume upo. William Stokoe, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza aliyekuwa anasikia, ndiye aliyeonyesha mwaka 1960 kwamba alama za viziwi wa Marekani zina muundo wa lugha. Kamusi yake ya 1965 aliiandika pamoja na viziwi wawili, Dorothy Casterline na Carl Croneberg, na majina yao yakawekwa jaladani. Croneberg ndiye aliyeeleza humo kwamba viziwi ni jamii yenye utamaduni wake. Na alama zilipangwa kwa umbo la mkono, mahali na mwendo.

Kwetu, Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, bingwa wa vitenzi vya lugha za Kibantu za kundi la Rutara, alitoa Kamusi ya LAT mwaka 2004. Aliyezoea kuchambua vitenzi vya Kibantu ana jicho la kazi hiyo, na sote tuliofuata tuna deni kwake.

Kamusi ijayo naitaka ipangwe kwa umbo la mkono, na viziwi watakaotoa alama watangulie jaladani, sisi wataalamu tufuate. Nimeambiwa kwamba wazazi na walimu wengi hutafuta kwa neno la Kiswahili. Ni kweli, na nimelipima sana. Iwekwe faharasa ya Kiswahili mwishoni, kwa ajili yetu sisi tunaosikia.