Majirani Zetu: Muuzaji Apimwe Kabla ya Bei



Askari hajichagulii bunduki anayopewa wala redio anayobeba. Wengine humchagulia, naye huyaweka maisha yake katika uchaguzi huo. Ndiyo maana habari za zabuni haziwahusu makarani peke yao. Yaliyowapata majirani zetu wawili ni funzo la kutosha.

Mwaka 1998 Uganda iliagiza helikopta 4 za vita aina ya Mi-24 kutoka Belarus. Mbili zilipowasili, zilikutwa hazifai kurushwa, ilhali mamilioni ya dola yalikuwa yamekwisha kulipwa. Mwaka 2001 iliundwa tume chini ya Jaji Julia Sebutinde kuuchunguza ununuzi huo.

Nchini Kenya, kampuni moja ya Ufaransa ilitaja bei ya Euro milioni 6 hivi kwa mitambo ya kuchapia pasipoti. Hata hivyo kazi ilipewa Anglo Leasing kwa Euro milioni 30 hivi, bila zabuni kutangazwa. Jambo hilo lilipofichuka mwaka 2004, uchunguzi haukuona kampuni halisi nyuma ya jina hilo. Nalo lilikuwamo pia katika mkataba wa maabara ya upelelezi ya polisi.

Kwa helikopta, kilichokosa kupimwa ni mali. Kwa pasipoti, ni muuzaji mwenyewe.

Utaratibu wa haki unajulikana. Kwanza mzabuni huulizwa yeye ni nani, amesajiliwa wapi, na ni kazi gani amekwisha kuifanya. Pili, mafundi huipima mali yake kwa masharti yaliyotangazwa mapema: uwezo wake, umri wake, vipuri vyake. Bei hulinganishwa mwisho, tena baina ya waliofaulu tu. Na malipo makubwa hungoja ukaguzi.

Wako watakaosema kwamba ulinzi ni siri. Ni kweli, idadi ya silaha na mahali zilipo ni siri ya taifa. Lakini siri hiyo ni dhidi ya adui. Haikuwekwa ili imfiche muuzaji asiyejulikana machoni pa mkaguzi wa Serikali. Kenya yenyewe, katika ibara ya 227 ya Katiba yake ya mwaka 2010, iliagiza ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi na wa ushindani.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Askari anayepokea shehena ghalani ndiye mkaguzi wa mwisho. Akitia sahihi kwa kitu kibovu, amemkabidhi mwenzake hatari.