Cha Bure Hulipwa na Nani?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi mjini Rhamu, katika matayarisho ya mwezi mtukufu wa Ramadhani)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, maswahaba zake na kila anayefuata nyayo zao mpaka Siku ya Kiyama. Ama baad.



Mada niliyopewa ni kutazama tamthilia na filamu za bure kwenye mtandao. Huenda mtu akasema, "Kwani hilo nalo ni la kuletwa kwenye darsa?" Naam, ni la kuletwa, tena kabla mwezi haujaandama. Maana wengi wetu tunajua kuuandalia mwezi huu tende, unga na nguo za Idi, lakini simu tunaiacha iingie Ramadhani vile vile ilivyokuwa Rajabu.

HALI ILIVYO

Zamani kidogo, kijana wa hapa akitaka filamu ilibidi aende kwenye kibanda cha video, atoe pesa, akae na wenzake. Mzee mmoja akimwona anatoka huko, habari ilifika nyumbani kabla yake. Leo kibanda kimeingia mfukoni. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, mitandao ya simu ikazidi kusambaa, na sasa mtu anaketi kando ya mto Daua anatazama tamthilia iliyotengenezwa Istanbul na kufasiriwa Kisomali. Hakuna anayemwona ila Allah.

Na kumbukeni kwamba Ramadhani yenyewe ni msimu wa biashara hiyo. Katika nchi nyingi za Kiarabu tamthilia hutengenezwa makusudi kwa ajili ya mwezi huu, aghalabu sehemu thelathini, kila usiku sehemu moja, kwa sababu familia zimekusanyika baada ya futari na matangazo ya biashara wakati huo yana bei. Yaani usiku ambao wewe unautafuta kwa ibada, kuna mwingine anautafuta kwa soko.

BURE ZIKO MBILI

Ndugu zangu, tusichanganye mambo. Kuna bure ya halali na kuna bure ya wizi.

Bure ya halali ni ile ambayo mwenye mali ameitoa mwenyewe. Mfano tunao hapa hapa Kenya. Mwezi Septemba 2021 kampuni ya Netflix ilifungua mpango wa bure kwa Wakenya wenye simu za Android, bila kuombwa malipo. Halafu ikaufunga mwezi Novemba 2023. Alitoa mwenyewe, akachukua mwenyewe, hapana lawama. Mfano mwingine ni tamthilia ya Ertuğrul ya Uturuki. Mwaka 2020 televisheni ya taifa ya Pakistan ilianza kuionyesha kwa Kiurdu katika Ramadhani, na ikawekwa pia YouTube kwa idhini ya wenyewe, ikatazamwa na mamilioni ya watu. Hapo mwenye kazi anapata chake kupitia matangazo.

Bure ya pili ni ya zile tovuti na programu zinazochukua kazi za watu bila ruhusa. Hizi utazijua. Filamu imetoka juzi, nayo ipo bure. Anwani ya tovuti inabadilika kila baada ya muda. Ukibofya mara moja zinafunguka kurasa tatu usizoziita: moja ya kamari, moja ya picha za uchi, na ya tatu inakwambia simu yako ina virusi, pakua dawa hapa. Ukiipakua hiyo dawa, ndio umejitia ugonjwa. Na wewe una swaumu yako!

Wahenga walisema rahisi ghali. Mwenye tovuti ya namna hii hakufanyii sadaka. Analipwa na watu wa kamari kwa kila jicho analowapelekea, na jicho lenyewe ni lako. Pengine anachukua na namba yako ya simu na siri zako.

DINI INASEMAJE

Allah (S.W.) katika Surat Al-Baqara, aya ya 188, anatukataza kula mali zetu baina yetu kwa njia ya batili. Na mtaona aya hii imekuja punde tu baada ya zile aya za saumu. Hapo mtu anapata funzo: mwezi mzima umejizuia na chakula chako cha halali, je, utashindwa kujizuia na cha mwenzio?

Mtu atauliza, "Lakini filamu si mbuzi wala gunia la vitunguu. Ni picha tu, nikitazama haimpungukii mwenyewe." Swali hili wanazuoni wamekwisha kulijibu. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, lilikaa Kuwait mwezi Desemba 1988 na kutoa azimio nambari 43. Likasema kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazotambuliwa na sharia, wenyewe wana uwezo wa kuziuza na kuzitumia, na haijuzu kuwavunjia. Sheria ya nchi yetu nayo inazilinda, na marekebisho ya mwaka 2019 yanampa mwenye kazi njia ya kuitaka kampuni ya mtandao izuie kazi yake iliyoibwa.

Wapo wanaosema, "Hao wenye filamu si Waislamu, tena ni matajiri." Jamani, hebu turudi kwenye sira. Usiku wa Hijra Makuraishi walikuwa wanataka kumuua Mtume (S.A.W.). Pamoja na hayo, amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Alifanya nini? Alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma azirudishe kwa wenyewe, moja moja. Kama mali ya anayetaka roho yako hairuhusiwi kuliwa, itakuwaje mali ya mtu ambaye hata hakujui?

Wala msinielewe kwamba ukishalipia basi kila kitu ni halali. La. Kuna maswali mawili: hiki ni cha nani, na ndani yake mna nini? La kwanza linahusu haki ya mtu. La pili linahusu macho na masikio, ambayo Surat Al-Israa, aya ya 36, inatuambia kwamba pamoja na moyo vyote vitaulizwa. Hata tamthilia zinazoitwa za Kiislamu zina mjadala. Mwaka huo huo wa 2020 ambapo Waziri Mkuu wa Pakistan, Imran Khan, alihimiza watu watazame Ertuğrul, Dar al-Ifta ya Misri ilikuwa imetoa onyo dhidi ya tamthilia za namna hiyo za Kituruki. Siasa zilikuwemo, lakini onyo lilitolewa. Mimi si mufti, ni mwanafunzi tu. Nawaambia tusidhani kila chenye farasi, kilemba na takbira ni darsa.

TUPIGE HESABU

Sasa tuchukue hiyo hiyo ya halali, iliyotolewa bure na mwenyewe. Ertuğrul ina misimu mitano na sehemu 150 kwa mpangilio wa Uturuki, na kila sehemu ni takriban saa mbili. Hizo ni saa 300. Msomaji wa kawaida anamaliza juzuu moja kwa dakika kama arobaini, maana yake Qur'ani nzima ni saa 20. Saa 300 ni khitma kumi na tano!

Bando nalo? Kwa picha ya wastani, saa moja hula kiasi cha GB 0.7. Saa 300 zitakula GB 210. Kila mmoja apige mwenyewe kwa bei anayonunulia, kisha aangalie amemtumia mama yake ngapi mwezi huo.

Tuje kwenye usiku. Tarawehe inakwisha, tuseme saa tatu. Daku tuseme saa kumi. Katikati ni saa saba. Sehemu mbili tu za tamthilia zinakula saa nne. Zimebaki tatu za kulala, kuswali na kula daku. Ndio maana unamwona kijana Alfajiri haipati, na mchana amelala mpaka Adhuhuri, swaumu yake imekuwa usingizi. Na hayo yakitokea katika kumi la mwisho, ndani yake mna usiku mmoja ulio bora kuliko miezi elfu moja, zaidi ya miaka 83. Utaubadilisha na nini?

TUFANYE NINI?

Sikuja kuwaambia mvunje simu. Nina mambo manne mepesi.

1. Kabla ya kubofya, uliza: nani ameweka hiki? Kama ni mwenyewe, sawa, nenda kwenye swali la pili. Kama humjui aliyekiweka na kila dakika unarushiwa kamari, toka.

2. Futa zile programu za kuibia filamu kabla mwezi haujaandama. Na ndugu zetu mnaojazia watu filamu kwenye flashi na memori kadi, tafuteni riziki katika kazi hiyo hiyo ya simu: kutengeneza, kuchapisha, kuuza vifaa. Mwezi huu riziki yenu iwe safi.

3. Wazazi, msimpe mtoto simu ili anyamaze wakati mnapika futari. Huduma nyingi zilizo rasmi zina alama za umri na sehemu ya watoto yenye namba ya siri. Zile za wizi hazina mlango wala bawabu. Kaeni na watoto, mjue wanatazama nini. Aliyepewa simu na baba asiulizwe peke yake.

4. Vijana, tuwekeane miadi. Kuanzia Isha mpaka baada ya tarawehe bando lifungwe, na kumi la mwisho lifungwe usiku kucha. Anayetaka kusikiliza, apakue mapema qiraa na darsa za mashekhe wanaozitoa wenyewe bila malipo. Hiyo nayo ni bure, na inshallah aliyetoa na aliyesikiliza wote wanapata.

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mja hataondoka mahali pake Siku ya Kiyama mpaka aulizwe juu ya umri wake ameumalizia wapi, na mali yake ameichuma vipi na kuitumia katika nini. Tazameni, mambo yetu ya leo yote yamo humo: saa, bando na haki ya mwenyewe. Siku hiyo neno "ilikuwa bure" halitakuwa jibu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atufikishe Ramadhani tukiwa wazima, atutakabalie swaumu na visimamo vyetu, alinde macho ya watoto wetu, na atutosheleze kwa halali yake tusihitaji haramu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.