Pale Mimbari Inapoishia: Andrew Murray na Uandishi wa Vitabu vya Kiroho



1. Utangulizi

Mimi ni mhariri, na miswada mingi inayofika mezani kwangu ni ya wachungaji. Mmoja ulinifikia hivi karibuni. Ukurasa wa tatu uliniamuru nimgeukie jirani yangu nimwambie, "Saa yako imefika!" Nikageuka, palikuwa na kabati la vitabu. Mwandishi alikuwa ameyachapa mahubiri yake neno kwa neno kutoka kwenye kinasa sauti. Ibadani watu wangesimama na kushangilia. Kwenye karatasi maneno yaleyale yalilala usingizi.

Hoja yangu leo ni moja: kitabu cha maisha ya kiroho kina kazi yake, nayo huanzia pale mimbari inapoishia. Shahidi wangu ni Andrew Murray wa Afrika Kusini.

2. Murray ni nani?

Alizaliwa Graaff-Reinet mwaka 1828, mtoto wa mchungaji kutoka Scotland. Akiwa na miaka 10 alipelekwa Aberdeen kusoma pamoja na kaka yake, kisha wakaendelea na theolojia Utrecht, Uholanzi. Mwaka 1849, akiwa bado kijana, alikabidhiwa ushirika wa Bloemfontein. Baadaye alihudumu Worcester, Cape Town, na tangu 1871 Wellington. Alifariki mwaka 1917, akiwa ameandika vitabu na vijitabu vinavyokaribia 240.

3. Mara mbili mimbari ilipomwishia

Mara ya kwanza ni Worcester, mwaka 1860. Katika kikao cha vijana, binti wa kabila la Wafingo aliyekuwa mtumishi wa mkulima aliomba ruhusa ya kuomba. Alipokuwa akiomba, ukumbi mzima ukalipuka kwa maombi, kila mtu kwa sauti yake. Siku zilizofuata Murray alijaribu kuwanyamazisha watu kwa mamlaka ya uchungaji wake, wala hakuna aliyemsikiliza. Mgeni aliyetoka Marekani, alikoona mambo kama hayo, akamtahadharisha asiizuie kazi ya Roho. Akanyamaza Murray mwenyewe.

Uamsho ule ulimwachia watu waliookoka na wasiojua kesho yake waishije. Mtu wa namna hiyo humwezi kwa mahubiri ya Jumapili peke yake. Jumanne jioni yuko peke yake na taa yake. Ndiye aliyeandikiwa, kwa Kiholanzi, kitabu ambacho mwaka 1882 kilitoka kwa Kiingereza kama Abide in Christ.

Mara ya pili, mwaka 1879, koo lilimshika. Kwa takriban miaka miwili mhubiri huyu hakuweza kuhubiri kama kawaida, hadi alipopata nafuu London mwaka 1882. Miaka iliyofuata kalamu yake ilikwenda mbio: With Christ in the School of Prayer kilitoka mwaka 1885.

4. Alivyokijenga kitabu

Vihesabuni vitabu hivyo viwili: kila kimoja kina sehemu 31, siku za mwezi mmoja. Abide in Christ karibu chote kinazunguka mfano mmoja, mzabibu na matawi wa Yohana 15. Kila siku msomaji anarudi kwenye shamba lilelile na kuona tawi jingine. Katika kile cha maombi, kila somo hufungwa kwa sala, msomaji asifunge kitabu kabla hajaanza kuomba. Hapo hahitajiki jirani wa kumwambia neno. Yupo msomaji na Mungu wake, na mwandishi amejua kujiondoa.

5. Doa lisilofichika

Mwaka 1857 sinodi ya kanisa lake, Kanisa la Kidachi la Reformed, iliruhusu waumini weusi waabudu kando, kwa sababu ya "udhaifu" wa baadhi ya weupe. Miaka mitatu baadaye ni binti mweusi aliyefungua mlango wa uamsho, na bado kanisa liliendelea kugawanyika kwa rangi. Mwaka 1895 Murray alitoa Humility, kitabu cha unyenyekevu. Msomaji wa leo ana haki ya kukiuliza: unyenyekevu huu uliishia mlango upi wa kanisa? Kitabu kinaweza kumlea mtu vizuri chumbani kisha kisimfuate anapotoka nje.

6. Maswali ya majadiliano

(a) Katika ushirika wako, ni nani anayekaa peke yake Jumanne jioni, na swali lake ni lipi?
(b) Ukiondoa kila "sema amina" katika mswada wako, kinabaki nini?
(c) Binti wa Worcester alikuwa mtumishi. Katika kitabu chako, mtumishi wa nyumbani kwako ataingilia mlango upi?

Naomba tuanze na swali la tatu.