MBWA ANAYEKOKOTA MIGUU YA NYUMA

Ndugu wa Burungu, nisikilizeni. Mbwa wako mzee wa kuwinda alikuwa akiruka magogo, sasa anayazunguka. Kucha za nyuma zimelika kwa kukokotwa juu ya mawe. Ukimgusa mgongo, analia. Usiseme amerogwa, wala usimpige ukidhani ni mvivu. Hiyo ni kazi bure.

Ndani ya mifupa ya mgongo mna tundu, na humo hupita kamba laini ya mishipa ya fahamu. Mifupa ikiugua huota midomo kama ya kasuku, nayo huweza kuibana mishipa ile kama jiwe lizibalo mfereji wa machimbo. Amri ya kichwa haifiki miguuni. Mfunge apumzike majuma kadhaa, asinenepe. Mganga wa wanyama amwone upesi, kabla hajashindwa hata kukojoa.

Lakini angalieni! Ugonjwa huo mara nyingi huja polepole. Mbwa akilegea kwa siku chache tu, taya likaning'inia, mate yakamtoka, huenda ni kichaa cha mbwa. Usitie mkono kinywani kutafuta mfupa. Aliyeumwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akapigwe sindano. Akingoja mpaka augue, karibu hakuna dawa.